Injini Iliyokula Upepo

Pikapu ilikohoa, ikapaliwa, ikafa katikati ya dimbwi mbele ya karakana ya Zenón Ticona, ng'ambo ya kituo cha polisi. Inspekta Nicolasa Quenallata akavuta breki ya mkono, akabaki ameketi, mikono juu ya usukani. Mvua ya Puerto Calisaya ilikuwa ikinyesha vilevile tangu Karnivali iishe, bila hasira na bila haraka.

"Hiyo inakula upepo," sauti ikasema.

Hakuwa Zenón. Alikuwa Fermín Chipana, aliyeketi kwenye benchi la karakana, kofia magotini, shavu moja limejaa majani ya koka. Naye alikuwa fundi, tena karakana yake mwenyewe ilikuwa mwisho wa mtaa uleule, lakini hakuwa ameifungua tangu mwanawe Elmer atiwe mahabusu. Kila asubuhi alikuja kukaa kwenye benchi la mwenzake kwa kuwa kutoka pale dirisha la mahabusu linaonekana. Jioni aliondoka. Hakulia, hakubembeleza, hakuuliza neno. Watu walishamzoea kama wanavyozoea gogo lililoletwa na mto.

Zenón akatoka chini ya lori, anajifuta mikono.

"Mzee Fermín, kwangu hapa injini nazisikiliza mimi."

"Haya, isikilize."

"Nitaisikilizaje na imekufa?"

"Mimi nimeisikia ikiwa bado hai."

Nicolasa akashuka, maji yakamfika vifundoni. "Kwenye tambarare inakwenda," akasema. "Nikipanda mlima, inakata. Nikizidi kukanyaga mafuta, inapiga chafya ndani ya kabureta. Na inachemka."

"Tangu lini?"

"Mimi nimekabidhiwa juzi tu."

Gari la polisi lilikuwa limelala bila gia. Don Leoncio Iturralde, mwenye mashine ya kukoboa kahawa, ndiye aliyewaletea pikapu yake mwenyewe, kwa hiari yake, funguo mkononi. Serikali haitatembea kwa miguu mimi nikiwa hai, alisema, na askari wakacheka. Ilikuwa pikapu ya zamani, ya kabureta, yenye ngao ya bomba nene mbele, chuma kisichoweka kumbukumbu ya kitu chochote kilichokigusa. Alisema imepumzika bandani tangu Jumanne ya Karnivali, itafurahi kutembea.

Kesi yenyewe ilikuwa imekwisha, kwa maneno ya mwendesha mashtaka. Remberto Cusi, dereva wa malori, aliokotwa amekufa Kilele, pale barabara ya La Paz inapovuka mlima, Jumapili iliyofuata Karnivali. Aligongwa na gari, akaachwa kwenye theluji ya maji. Katika ngoma ya Karnivali Elmer Chipana alikuwa amempiga ngumi mbele ya mji mzima, kwa sababu dada yake ana mimba ya Remberto na Remberto hasemi ataoa lini. Na Jumapili ile Elmer alipandisha gari la baba yake kwenda kununua viazi vya huko milimani. Mlinzi wa kizuizi cha barabara alimwona yeye, akasema hakuona mwingine. Gari la magereza lingeshuka kutoka La Paz mchana huu kumchukua. Huko mtu husubiri kesi yake mpaka watoto wake wanaota ndevu.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijamkalia sawa Nicolasa. Gari la Fermín lilikuwa na bodi laini kama kopo la maziwa, na halikuwa na bonyeo hata moja. Lakini hakuwa na gari lingine la kuliweka mahali pake, na mwendesha mashtaka hapokei shaka tupu.

Zenón alifungua boneti. Vipande vya karatasi za rangi, vile vya kumwagiwa magari siku ya kuyabariki, vilikuwa bado vimeng'ang'ania kila pembe ya injini, vimelowa bia na mvua. Akachomoa plagi, akazipanga juu ya kitambaa.

Zilikuwa nyeupe kama chokaa.

"Upepo mwingi, petroli kidogo," akasema Zenón.

"Ndilo nililosema," akasema Fermín.

"Umesema, mzee. Tukupigie makofi?"

Zenón akaanza na petroli yenyewe. Akaikinga kwenye chupa, akaiinua kwenye mwanga. Haikuwa na maji wala uchafu. Akachomoa mpira wa kutoka kwenye pampu, akamwambia Nicolasa apige stata, petroli ikaruka kwa nguvu mpaka ikamlowesha kiatu. Pampu ilikuwa nzima. Akaurudisha mpira, akawasha, akaiacha injini ingurume taratibu huku akimwaga maji ya sabuni kidogo kidogo pale kabureta inapokaa, kisha kwenye mipira yote inayovuta hewa. Kwenye mpira wa hewa unaokwenda kwenye breki, sabuni ikanywewa mara moja na mngurumo ukabadilika.

"Nimempata!" Zenón akapiga paja. "Mpira una ufa. Hewa inaingilia hapa bila kupiga hodi. Dakika moja, afande."

Akaweka mpira mpya. Injini ikatulia kidogo. Nicolasa akaipandisha kilima cha kanisa. Katikati ya mteremko, penye kona ya duka la mikate, ikakata, ikapiga chafya, ikakata tena. Akairudisha kinyumenyume mpaka chini, wauza ndizi wakamwangalia bila kucheka.

"Bado," akasema.

"Haiwezekani."

"Panda wewe basi."

Zenón hakupanda. Alisimama akiukuna mkono wake uliokuwa na masizi. Nicolasa alimtazama. Alikuwa na tabia hiyo, ya kumtazama mtu baada ya mtu huyo kunyamaza.

"Imebaki kabureta," akasema Fermín kwenye benchi.

"Kabureta ni safi," Zenón akajibu upesi. "Nimeisafisha kwa mikono yangu Jumatatu ya Karnivali, ili gari libarikiwe likiwa..." Akaishia hapo.

"Likiwaje?"

"Likiwa safi, afande."

"Na Jumanne lilikwenda vizuri?"

"Lilikwenda kama saa. Don Leoncio alilizungusha mji mzima, bendi nyuma, bia juu ya boneti. Lilipanda kilima cha kanisa likiwa na watu kumi na ngoma kubwa."

"Halafu likaenda bandani, likalala."

"Ndivyo anavyosema mwenyewe."

"Sasa Zenón, wewe ni fundi. Gari likilala bandani, ufa wa mpira unaweza kujichana wenyewe?"

"Mpira ukizeeka, unaweza."

"Tumeubadili, na bado. Kabureta nayo inazeeka kwa kulala?"

Zenón akaangalia upande wa mashine ya kahawa, ambayo paa lake la mabati lilionekana juu ya migomba. "Afande," akasema kwa sauti ya chini, "Don Leoncio ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu."

"Sijakuuliza habari za ubatizo. Fungua."

Fermín akainuka. Alikuwa ameshashika bisibisi mkononi bila mtu kuona ameitoa wapi.

"Kaa, mzee," akasema Nicolasa.

"Yeye atachukua mpaka jioni."

"Achukue. Wewe ukigusa hapo, chochote kitakachotoka kitaitwa kimewekwa na baba wa mshtakiwa. Nipe hiyo."

Mzee akaitazama bisibisi, akampa, akaketi. Uso wake haukubadilika. Shavu lile la koka lilikuwa limekufa ganzi zamani, na ilionekana kama ganzi imeenea mpaka kwenye macho.

Nicolasa alipiga picha kabureta ikiwa imefungwa, kutoka kila upande. Akapiga picha vichwa vya skrubu. Kisha akamwashiria Zenón. Skrubu zikatoka moja moja. Zenón aliziweka kwenye kifuniko cha chupa, moja ikamponyoka, mzee akamwambia, "Usiibane hivyo, utapasua," na Zenón akasema, "Nyamaza basi, unanitia kichaa," na mzee akanyamaza.

Kifuniko cha kabureta kikainuka.

"Simama hapo hapo," akasema Nicolasa.

Juu ya gasketi, mahali ambapo kifuniko kilikuwa kimelala, palikuwa na kiduara cha karatasi ya waridi. Kilikuwa kimebanwa bapa, kimelowa petroli. Akakipiga picha, akakiinua kwa ncha ya kisu, akakiweka ndani ya karatasi.

"Vitu hivi viko kila mahali," akasema Zenón. "Mke wangu anavikuta kwenye supu."

"Kwenye supu vinatoka juu. Hiki kimetoka chini ya kifuniko. Ulifunga wewe Jumatatu?"

"Mimi."

"Kulikuwa na karatasi ya kumwagwa Jumatatu?"

"Jumatatu? Hapana. Magari hubarikiwa Jumanne."

"Basi kuna aliyefungua baada ya Jumanne. Akafunga."

Mvua ilikuwa ikigonga bati, na ng'ambo, kwenye dirisha la mahabusu, vidole vya mtu vilikuwa vimeshika nondo.

"Nenda mbele," akasema Nicolasa.

Zenón akamulika ndani ya bakuli la kabureta. Akasema ni safi, na kweli lilikuwa safi. Nicolasa akamwambia atoe jeti, ile skrubu ndogo ya shaba yenye tundu la kupitishia petroli. Zenón akasema hakuna haja, ameshaiona. Nicolasa akamwambia aitoe. Akaipokea kiganjani, akaiinua kwenye anga la mawingu, akachungulia tunduni kwa jicho moja kama anayetunga uzi kwenye sindano.

Mwanga ulipita nusu tu. Ndani ya tundu kulikuwa na uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, umekunjwa ncha ili usianguke.

Fermín alifumba macho.

Hakuna dereva wa bonde lile asiyejua ule ni nini, hata abiria wake wanajua. Kilele ni juu mno. Hewa ya kule ni nyepesi, petroli inazidi, gari linatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Kwa hiyo dereva husimama Kilele, humwagia mlima tone la spiriti, hufungua kabureta na kutia unywele wa waya kwenye jeti, petroli ipungue. Akirudi kutoka La Paz husimama palepale, tone jingine la spiriti, waya unatoka. Asipoutoa, huku chini kwenye hewa nzito injini itakula upepo, itachemka, na siku moja itatoboka pistoni. Nicolasa mwenyewe, kama kila mtu, alishakaa ndani ya basi akitetemeka kwa baridi, akingoja mgongo wa dereva utoke chini ya boneti.

"Hakuna anayeusahau," akasema, kana kwamba anajisomea. "Hata aliyelewa hausahau. Lazima asimame pale amshukuru mlima, na akisimama ataukumbuka."

"Hata aliyelewa," Fermín akakubali.

"Kwa hiyo huyu hakuusahau. Hakusimama."

Akamgeukia Zenón. "Don Leoncio anajua kutia waya?"

Zenón akacheka kicheko kikavu, kikamtoka kabla hajakizuia. "Don Leoncio? Kuendesha anaendesha. Lakini hajui boneti inafungukia wapi, afande. Wakati ule kifuniko cha tangi kilipopotea, aliniita mimi nikamwonyeshe pa kujazia mafuta."

"Basi kulikuwa na mtu mwingine naye. Aliyejua. Alikwenda naye juu, akamtilia waya, na kurudi hakurudi naye, kwa sababu wa kuutoa hakuwepo."

Akatoa simu, akapiga kituo kidogo cha Kilele. Mawimbi yalikuwa yanakwenda na kurudi. Sajenti wa kule alikuwa na mafua.

"Sajenti, mfukoni mwa marehemu Cusi kulikuwa na nini?"

"Tulishakutumia habari hizo, afande."

"Mlituma kitambulisho na nguo. Nataka takataka."

Sajenti akapiga chafya, akaenda, akarudi. "Majani ya koka. Kitana. Bisibisi fupi. Na kipande cha waya wa taa."

"Waya wa namna gani?"

"Wa taa tu, mama, wa nyumbani. Umemenywa ncha. Nyuzi za shaba ziko nje."

"Na kando yake?"

"Chupa ya spiriti, imevunjika. Ndiyo tukaandika alikuwa mlevi."

"Harufu mdomoni ilikuwepo?"

Sajenti akapenga kamasi. "Sikumnusa, afande."

"Huo waya uweke peke yake. Usiuguse kwa mkono." Akakata simu. "Zenón, malizia kazi."

Zenón akautoa uzi wa shaba kwa kibano, akautia ndani ya karatasi ya pili, mikono yake sasa imetulia, kama mtu ambaye ameshaamua atakosa nini. Jeti ikarudi, kifuniko kikarudi, plagi zikasuguliwa zikarudi. Alipowasha, injini ilinguruma laini, haikukohoa. Nicolasa akaipandisha tena kilima cha kanisa. Penye kona ya duka la mikate haikukata. Ilivuta mpaka juu, ikageuka mbele ya mlango wa kanisa, ikashuka.

Mngurumo ule ulisikika mpaka kwenye mashine ya kahawa. Aliporudi karakanani alimkuta Don Leoncio Iturralde amesimama chini ya bati, mwavuli mweusi unachuruzika, viatu vyake vizuri vimechafuka tope.

"Nimelisikia likipanda nikamwambia mke wangu, wamelitibu," akasema. "Nimekuja kuwapa mkono. Ulikuwa ugonjwa gani, inspekta?"

"Lilikuwa linakula upepo."

"Aa. Mafundi na maneno yao." Akamwona Fermín kwenye benchi, akavua kofia. "Mzazi mwenzangu. Pole bado."

Kwa kuwa na Elmer pia alikuwa mwanawe wa ubatizo. Nusu ya mji walikuwa wanawe wa ubatizo, na mlinzi wa kizuizi cha barabara alikuwa mmoja wao.

Nicolasa akafungua karatasi ya pili juu ya boneti, mvua isipofika. Uzi wa shaba ulikuwa mdogo kiasi kwamba mtu aliye mbali angedhani karatasi ni tupu. Don Leoncio akainama.

"Hiki ni nini?"

"Hujui?"

"Unywele?"

"Ulikuwa kwenye jeti ya gari lako."

"Jeti," akarudia, kama mtu anayeonja chakula cha kigeni. Alikuwa hajui kweli. Nicolasa alimtazama usoni mpaka akahakikisha kwamba hajui kweli, na kwamba kutojua huko kulikuwa kubaya kuliko uongo wowote ambao angeweza kuusema.

"Dereva akifika Kilele huutia," akasema. "Akishuka huutoa. Kabureta ilisafishwa Jumatatu ya Karnivali, na ilifunguliwa baada ya Jumanne, chini ya kifuniko kuna karatasi ya baraka. Mabaki ya waya huo yako mfukoni mwa Remberto Cusi. Nakuuliza, Don Leoncio, gari lililolala bandani lilimpata wapi Remberto Cusi wa kulitilia waya?"

Don Leoncio akaukunja mwavuli wake polepole, akaubana kifungo. Akamtazama Zenón. Zenón akaangalia spana zake.

"Nina mawakili," akasema.

"Unao. Watakuja."

"Basi nitasubiri waje."

"Mzazi mwenzangu," akasema Fermín.

Hakuinua sauti. Alikuwa bado ameketi, kofia magotini, na alisema kama anayemwuliza jirani kama mvua itakatika.

"Elmer yumo mle, dirisha la pili. Ulimshika kichwa juu ya maji, mimi nilishika mshumaa. Mwangalie tu. Sitaki jingine."

Don Leoncio hakutazama dirishani. Alitazama ngao ya pikapu yake, maji yakidondoka kwenye bomba. Alipoanza kusema alisema na ile ngao.

"Aliomba lifti. Tulikuwa na safari moja, kila mtu na shughuli zake La Paz. Kuanzia kizuizini gari lilikuwa halivuti. Moshi mweusi tu. Nilikuwa nimekanyaga mpaka chini na linatambaa kama mgonjwa. Pale Kilele akasema simama. Akashuka. Akafungua boneti, sijui alifanya nini, upepo ulikuwa unapuliza makaratasi yale kila upande. Akafunga. Akazunguka mbele kumwaga spiriti yake."

"Na wewe?"

"Nilitia gia. Nilikanyaga kama nilivyokuwa nikikanyaga njia nzima." Akajipangusa mdomo. "Likavuta."

Zenón akaweka spana chini taratibu, isitoe mlio.

"Ulishuka kumtazama?"

"Kulikuwa na baridi."

"Nimekuuliza ulishuka."

"Niligeuza gari," akasema Don Leoncio. "Sikushuka."

"Alikuwa hai?"

"Nimekwambia sikushuka, mama."

Nicolasa akakunja karatasi zote mbili, akazitia ndani ya shati, pasipo na unyevu. Akamshika Don Leoncio mkono juu ya kiwiko, naye akamfuata kuvuka barabara bila kufungua mwavuli, maji yakimwingia kolani. Gari la magereza lilikuwa limeshafika, limeegeshwa kando ya ngazi, dereva wake anakula ndizi ya kukaanga, mguu umewekwa kwenye dashibodi. Akauliza kama mtu wake yuko tayari, ana haraka apite Kilele kabla ukungu haujashuka. Nicolasa akamwambia angoje, kuna simu ya kumpigia mwendesha mashtaka.

Mwendesha mashtaka aliuliza mengi. Alitaka picha, akatumiwa. Alitaka kusikia sauti ya Zenón, akaisikia, Zenón akisema siku, akisema kifuniko, akisema karatasi, kila neno kwa jina lake. Alitaka kusikia sauti ya Don Leoncio, na Don Leoncio akasema angesubiri mawakili, lakini alilisema hilo kama mtu asiyetarajia tena kusubiri kwake kumletee kitu. Mwishoni mwendesha mashtaka akasema, "Haya. Mbadilishe."

Nicolasa akachukua funguo.

Elmer Chipana alikuwa amesimama katikati ya chumba. Alikuwa amelikunja blanketi lake na kulifunga kamba, na alikuwa amevaa koti zito la sufu ambalo mama yake alimletea kwa ajili ya baridi ya La Paz, amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Jasho lilikuwa likimtiririka kutoka masikioni. Hakulipangusa.

"Gari limefika?" akauliza.

"Limefika," akasema Nicolasa. "Ila kiti chako kimepata mtu."

Kijana akaendelea kusimama, blanketi kifuani, akitazama mlango uliokuwa wazi kana kwamba ni ukuta mwingine.

"Vua koti," akamwambia. "Huku chini ni joto."